Kabla ya Kumfunga Mtoto wa Mbwa Utepe wa Zawadi

Hotuba ya madaktari wa mifugo kwa wazazi na walezi, kikao cha kufunga muhula, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na walezi. Wakubwa shikamooni. Wadogo tumewaona wanavyochungulia dirishani, kwa hiyo tutapunguza sauti kidogo, maana zawadi yao ndiyo inayojadiliwa humu ndani.

Kila mwaka ikifika wiki ya pili ya Desemba, simu zinaanza: nitapata wapi mtoto wa mbwa, awe mzuri, awe tayari tarehe 24? Mwingine anamtaka kwa ajili ya mwanawe, mwingine kwa mchumba, mwingine kwa mzee wake aliyestaafu na kubaki peke yake nyumbani. Hatukuja kumkataza mtu kufuga mbwa. Sisi wenyewe tunaishi kwa kazi hiyo. Tunachosema ni kwamba mbwa ana kalenda yake na sikukuu ina yake, na mtu akizilazimisha zikutane, anayeumia kwanza ni mbwa, halafu ni yule atakayeachiwa kumtunza.

Tufanye hesabu pamoja. Mtoto wa mbwa hapaswi kutengwa na mama yake kabla ya wiki nane. Mimba ya mbwa huchukua kama siku 63. Basi rudini nyuma: wa kukabidhiwa tarehe 25 Desemba akiwa na wiki nane, awe amezaliwa kufikia tarehe 30 Oktoba, na mama yake awe amepandwa mwishoni mwa Agosti. Sasa mbwa jike haingii joto kwa kutazama kalenda ya Krismasi. Wengi huingia mara mbili kwa mwaka, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa hiyo wiki ile ya sikukuu watoto wa umri unaofaa ni wachache, na wateja wamejaa. Pengo linazibwa na watoto waliozaliwa katikati ya Novemba, wenye wiki tano na ushee, ambao muuzaji mwenye haraka atakuambia wana miezi miwili.

Umri unasomwa mdomoni. Meno ya utoto ya mbwa ni 28: ya mbele 12, chonge nne, magego 12. Ya mbele na chonge hutangulia, kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita. Magego hufuata, na yote hutimia karibu na wiki ya nane. Mshike mtoto kwa upole, vuta mdomo wa pembeni kwa kidole gumba, hesabu upande mmoja: magego matatu juu, matatu chini. Ukikuta huko nyuma ni ufizi mtupu, huyo bado ni wa kunyonya, hata kama amevalishwa utepe mwekundu.

Wiki mbili tatu hizo zinazoibwa zina kazi kubwa. Kati ya wiki ya tano na ya nane, watoto wa mbwa hucheza kwa kuumana. Akimuuma nduguye kwa nguvu, nduguye analia na mchezo unakatika. Akimuuma mama chuchu, mama anaondoka. Hapo ndipo anapojifunza kuzuia taya zake. Aliyetolewa mapema huja nyumbani kwako bila somo hilo, na wa kumfundishia anakuwa mkono wa mwanao wa miaka sita.

Tuje kwenye wiki yenyewe ya sikukuu. Mtoto wa mbwa aliyehama leo anahitaji kimya, mahali pamoja pa kulala, sura zilezile na ratiba isiyobadilika. Krismasi inampa nini? Muziki tangu asubuhi, watoto wanane wa shangazi wakigombea kumbeba, geti linalofunguliwa kila dakika tano, na usiku wa mwaka mpya fataki. Mtoto anayetishwa na mlipuko akiwa na wiki tisa anaweza kuogopa ngurumo na radi maisha yake yote, kwa sababu kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ubongo wake ndio unaoandika kipi ni salama na kipi ni hatari.

Halafu kuna chakula cha sikukuu, ambacho wageni humrushia kwa mapenzi. Pilau ina vitunguu maji na vitunguu saumu, na vyote viwili hupasua chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Keki ya matunda ina zabibu kavu, ambazo zinaweza kuua figo zake. Chokoleti, hasa ile nyeusi, humrusha moyo. Baadhi ya peremende na bazoka zisizo na sukari huwekwa utamu uitwao zailitoli (xylitol), na kiasi kidogo tu humshusha sukari ya damu mpaka anaanguka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Mtoto wa kilo nne hahitaji kingi: sahani moja ya mabaki iliyosahaulika chini ya meza inatosha. Na siku hiyo, mnajua wenyewe, kliniki nyingi zimefungwa.

Tena Desemba watu wa mji huu hawakai. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wanapanda basi kwenda kuhesabiwa, wengine Mbeya, wengine Bukoba. Mtoto wa mbwa amekabidhiwa tarehe 22, familia inaondoka tarehe 23, na anabaki na mlinzi wa getini, ambaye hakuulizwa, hakuongezewa mshahara, na ameachiwa nusu mfuko wa chakula bila maelezo. Wengine humchukua kwenye basi ndani ya boksi. Kutoka hapa hadi Moshi ni saa tisa au kumi barabarani. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi. Hupoza kwa kuhema. Ndani ya boksi lililofungwa, chini ya kiti, hewa anayohema inakuwa ileile ya moto aliyoitoa. Hata lile boksi la zawadi lenye utepe ambalo mtoto atalifungua asubuhi, tafadhali sana, lisiwe na kiumbe ndani.

Sikukuu ikiisha inakuja Januari, na ninyi wazazi mnaijua Januari kuliko sisi: ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba. Mwezi huohuo ndio wa chanjo. Chukueni yule wetu aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba. Chanjo ya kwanza ya mchanganyiko, inayokinga pavo, distempa na homa ya ini ya mbwa, ingeanza wiki ya nane: ni siku ya Krismasi yenyewe. Ya pili wiki ya 12: tarehe 22 Januari, na siku hiyo apate pia ya kichaa cha mbwa. Ya mwisho wiki ya 16: tarehe 19 Februari. Baada ya hapo ni mwaka mmoja, kisha kwa ratiba atakayopewa. Katikati kuna dawa ya minyoo: kila wiki mbili tangu wiki ya pili hadi ya nane, kisha kila mwezi mpaka atimize miezi sita.

Watu wanatuuliza, kwa nini dozi tatu? Mbona si moja? Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo watoto wengi wa mbwa wanapofia. Mtoto hupata kinga kutoka kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Kinga hiyo inapungua taratibu, kwa mmoja inaisha wiki ya saba, kwa mwingine wiki ya 14, na kwa macho huwezi kujua. Ikiwa bado ipo, inaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Lakini kuna siku kadhaa ambapo kinga ya mama imebaki kidogo: inatosha kuizuia chanjo, haitoshi kuzuia ugonjwa. Dozi zinarudiwa ili mojawapo iangukie baada ya kinga ya mama kuisha. Anayechanja mara moja wiki ya sita na kusema "huyu kamaliza" amenunua bahati nasibu.

Na pavo haina simile. Kirusi chake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa, hunata kwenye viatu, matairi na mikono, na hukaa kwenye udongo hata mwaka mzima. Wiki moja hivi baada ya kumwingia, mtoto anapoa, anakataa chakula, anatapika, kisha anahara damu yenye harufu ambayo ukishainusa huisahau. Kinachomuua ni kukauka maji na vijidudu vya utumbo kuingia kwenye damu. Bila dripu na uangalizi, siku mbili au tatu zinatosha. Sabuni ya kawaida haimtoi kirusi huyu. Sakafu ioshwe kwanza, kisha imwagiwe dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ikae dakika kumi. Ua wa mchanga hauoshiki kwa klorini. Kwa hiyo nyumba iliyopoteza mbwa kwa pavo mwaka huu isipokee mtoto asiyemaliza chanjo Krismasi hii, na usimpelekee mtu zawadi hiyo kabla hujamuuliza mbwa wake wa zamani alikufaje.

Kuhusu chanjo zenyewe, neno moja kwa wanaochanja kwa jirani au kwa muuzaji. Chanjo ya mchanganyiko huja vichupa viwili: kimoja kina unga mkavu ulioganda chini, kingine kina maji ya kuuyeyushia. Huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kichupa kilichosafiri mfukoni kwenye bodaboda mchana wa Desemba hakina thamani tena, ingawa kwa macho hakijabadilika. Kadi halali ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, namba ya toleo, tarehe, na saini ya daktari yenye muhuri. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu, "chanjo zote tayari", ichukulieni kama karatasi.

Minyoo nayo ni ya kuangaliwa kwa sababu ya watoto wenu. Minyoo mviringo humfikia mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni mwa mama, na minyoo ya safura humjia kwa maziwa. Kwa hiyo hata aliyezaliwa kwenye nyumba safi anaweza kuwa nayo. Dalili ni tumbo la ngoma, manyoya yasiyong'aa, ufizi uliopauka. Mayai ya minyoo mviringo hukomaa mchangani baada ya wiki chache. Mtoto anayecheza pale na kuweka vidole mdomoni huyameza, na viluwiluwi vyake vinaweza kusafiri mpaka kwenye jicho. Kinyesi kiokotwe kila siku, kabla mayai hayajakomaa. Mtoto wa mbwa hunya mara nne hadi sita kwa siku. Huyo wa kuokota, ameshatajwa jina nyumbani?

Dawa zipimwe kwa uzito wa mbwa, si kwa jicho. Tunawasihi hasa msimwogeshe mtoto wa mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kuwa ameonekana ana kupe, wala kumchoma ile sindano ya minyoo ya ng'ombe. Tone linalomtosha ndama linaweza kumlaza mtoto wa mbwa asiamke. Huku pwani pia kuna yule nzi wa maembe: hutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye vitambaa vibichi, na mabuu yake hupenya ngozi laini ya tumbo na makalio. Tandiko la mbwa lifuliwe, likaushwe juu ya kamba, si chini, na likipigwa pasi ni bora zaidi.

Kichaa cha mbwa hatuwezi kukipita. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kama wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea hakuna tiba. Watu hudhani mtoto wa mbwa hana kichaa kwa sababu ni mdogo. Anaweza kuwa nacho, tena hatari yake ni kubwa kwa sababu kila mtu anambeba na kulambwa naye. Akimuuma au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama damu ni tone. Si kupaka mafuta ya taa, wala kusubiri mbwa aanze kutoa povu. Pemba wametuonesha kinavyoondoka na kinavyorudi: kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima walikimaliza Mei 2014, uchanjaji ukalegea, mwishoni mwa 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi wachanje upya hadi kikaisha Oktoba 2018. Mbwa wachache waliovushwa maji walitosha kuivuruga kazi ya miaka. Mkikumbuka hilo mtaelewa kwa nini tunasumbua kuhusu kadi hata kwa kijibwa cha zawadi.

Sasa nani atafanya kazi hii? Baba ananunua, mtoto anapokea, picha inapigwa. Kuanzia tarehe 27, anayeamka saa kumi usiku ni dada wa kazi, au mama. Kibofu cha mtoto wa mbwa kina kanuni rahisi: chukua umri kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili, saa tatu, tena akijitahidi. Anatolewa nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala, mahali palepale kila siku, na anasifiwa palepale anapomaliza, kabla hajarudi ndani. Ukimpiga au kumsugua pua kwenye mkojo hajifunzi kutoka nje. Anajifunza kujificha nyuma ya kochi. Ni miezi ya kazi hiyo. Kama dada ndiye atakayeifanya, aulizwe kabla, na ilipwe. Kama yeye ni Mwislamu anayechunga tohara yake, mate ya mbwa kwenye nguo na vyombo ni najisi kwake, na kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumtwisha kazi hiyo kimyakimya ni kumkosea adabu. Hali kadhalika jirani au bosi unayetaka kumfurahisha: usimpelekee mbwa mtu ambaye hamjawahi kuzungumza habari za mbwa. Wako Waislamu wanaofuga mbwa wa ulinzi nje, na wako Wakristo wasiotaka hata kumwona getini. Ni kuuliza tu.

Wazazi wengi husema, "nampa mwanangu ili ajifunze kuwajibika." Ni nia njema, ila hesabu zake hazijapigwa. Mbwa huishi miaka kumi hadi 13, wadogo hata zaidi. Mtoto wa miaka minane leo atakuwa kidato cha pili bwenini wakati mbwa ana miaka sita, na chuoni wakati mbwa ni mzee mwenye nyonga mbovu. Milo miwili kwa siku kwa miaka 12 ni sahani 8,760. Mtoto wa miaka minane anaweza kujaza bakuli la maji, kumsugua kwa brashi, kumfundisha kukaa. Kumpeleka chanjo, kumpima kilo, kujua kwamba leo hajala, hayo ni ya mtu mzima, na mtu mzima huyo awe ametaka mwenyewe.

Mtasikia msemo wa Waingereza, uliobuniwa mwaka 1978 na Clarissa Baldwin wa shirika ambalo leo linaitwa Dogs Trust, kwamba mbwa ni wa maisha, si wa Krismasi tu. Kule tatizo huonekana kwa watu kuwarudisha mbwa kwenye vituo. Kwetu vituo ni vichache mno, kwa hiyo mbwa aliyechokwa harudishwi popote: anafungwa mnyororo nyuma ya nyumba, au geti linaachwa wazi mpaka aondoke mwenyewe. Kipindi chenyewe kinajulikana. Wa Krismasi anafikisha miezi sita hadi minane kati ya Mei na Julai. Meno ya kudumu, 42, yameshatoka, ametafuna viatu na waya wa jokofu, ana nguvu za mbwa mzima na akili ya mtoto, jike anaweza kuingia joto mara ya kwanza na madume ya mtaa mzima kujipanga ukutani. Ndipo tunapopigiwa simu kuulizwa kama tunamjua mtu anayetaka mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, namba 19, inamdai mwenye mnyama amtunze, na kumtupa si utunzaji.

Kosa jingine la nchi yetu ni kumfungia bandani mchana kutwa tangu utoto "ili awe mkali". Anayekulia kwenye boksi hawi mlinzi. Anakuwa mwoga, na mwoga humuuma aliye karibu, yaani mtoto wa nyumbani, huku mwizi akirushiwa kelele kutoka mbali. Mtoto wa mbwa abebwe mikononi, kwa sababu chanjo hazijaisha asiwekwe chini barabarani, apelekwe aone bodaboda, mwavuli, mtu mwenye fimbo, watoto wa sare, asikie adhana na kengele. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Hiyo ni kazi ya Januari na Februari, na kila wiki inayopita dirisha la kujifunza kipi ni salama linafungwa.

Chakula hatutakaa nacho sana. Mtoto wa miezi miwili hula mara nne kwa siku, wa miezi minne mara tatu, wa miezi sita na kuendelea mara mbili. Ugali mtupu na mchuzi wa mifupa unamjaza tumbo bila kumkuza. Angalau theluthi ya sahani iwe dagaa, nyama, mapupu au mayai, vyote vimepikwa, bila vitunguu. Nyama tupu nayo si jibu, kwa sababu ina kalisi ndogo mno na mifupa inakuwa laini, miguu inapinda. Mahindi yenye ukungu mnayoyakataa ninyi msimpikie yeye: sumukuvu huua ini la mbwa kabla hujajua anaumwa nini. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Chakula alichozoea kwa muuzaji aendelee nacho, kibadilishwe kidogo kidogo kwa siku saba. Na kwa anayetaka kununua cha mifuko: mbwa mzima wa kilo 30 hula kama gramu 400 kwa siku, kilo 12 kwa mwezi. Ulizeni bei dukani, mzidishe kwa 12, kisha kwa miaka.

Halafu aina. Dar si mahali pa Husky, mwenye manyoya ya tabaka mbili ya kuhimili theluji, wala pa hawa wenye pua bapa kama Pug, ambao njia yao ya hewa ni finyu hata kwenye baridi. German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wote huanza wakiwa wanono na wapole, na wengi wao huzidi kilo 30. Waangaliwe nyonga za wazazi wao, baba na mama wakitembea na kuinuka bila kuyumba. Mbwa wetu wa kienyeji, anayedharauliwa kwa jina la koko, ana manyoya mafupi, anavumilia joto, hali kingi na ni mwepesi kufundishika. Hatuelewi kwa nini mtu alipe pesa nyingi kumwekea feni mbwa wa barafu wakati huyu yupo.

Ukiamua kununua, nenda kwa miguu yako mahali alipozaliwa na umwone mama yake akiwa na watoto. Picha ya mtandaoni na kukutana kituo cha mafuta ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. England kwenyewe, tangu Aprili 2020, duka au dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita. Mnunuzi humwendea mfugaji. Mwangalie mtoto akiamka mwenyewe. Bonyeza ufizi kwa kidole, uachie: weupe urudi pinki ndani ya sekunde mbili. Macho yasiwe na usaha, pua isitiririke, chini ya mkia kuwe kukavu. Kitovu kisiwe na uvimbe laini. Piga makofi nyuma yake. Akishtuka kisha akarudi kunusa mkono wako, vizuri. Anayejibanza pembeni akitetemeka tunamwonea huruma wote, lakini huruma hiyo msiitumie kumnunulia mtoto wa miaka mitano.

Kwa wale ambao bado wanataka kutoa zawadi hii, na tunajua mpo, asubuhi ya Krismasi mpeni sanduku bila mbwa. Wekeni bakuli mbili nzito za chuma, kola inayoweza kulegezwa, kamba ya mita moja na nusu, brashi, blanketi kuukuu, na daftari lenye kurasa tatu zilizoandikwa tayari: nani anamtoa asubuhi, nani anamlisha mchana, nani anaokota kinyesi. Mpokeaji na familia walijaze wiki nzima ya likizo, na walifuate kama mbwa yupo, wakiamka saa zilezile. Daftari likifika Januari tarehe 10 lina majina na saini, tafuteni mtoto wa Februari au Machi, wafugaji wakiwa hawana foleni, kliniki ziko wazi, ada imelipwa. Likifika tupu, bakuli zitafaa kuku.

Kadi mbili za chanjo za mfano ziko mezani karibu na mlango, moja halali na moja ya kughushi. Pitieni mzitazame kabla hamjaondoka, muone stika ilivyo. Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali. Tumeona mkono wa mama pale nyuma.